Kadi ya Majina

Siku ya tisa ya kununiana, Chiriku aliingia jikoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaweka kadi mezani kando ya birika, akasimama. Hakusalimia. Mkewe naye hakuinua uso. Aliendelea kukata mkate kana kwamba aliyeingia ni paka wa jirani.

"Haya," akasema Chiriku.

"Haya nini?"

"Wewe unajua."

"Mimi siku hizi sijui kitu. Wajuao wameshapatikana. Mpelekee meneja wako."

Chiriku akatazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akaisukuma kadi kidogo mpaka ikagusa kisu. Saa nane mchana alitakiwa awe jukwaani mbele ya watu mia tatu. Kampuni ya kusaga unga ilikuwa inatimiza miaka ishirini na tano, na kwenye kadi ile palikuwa na majina kumi na moja ya wakubwa ambayo alipaswa kuyaimba moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa vyeo, bila kumruka mtu. Na Chiriku, mwimbaji aliyegombewa na kila mwenye sherehe mjini, hakujua kusoma. Alijua kuchora sahihi yake tu, mchoro wenye mkia mrefu ambao walimu wa watoto wake waliuona kwenye ripoti za shule wakasema kweli huyu ni msanii.

Siri hiyo waliijua watu wawili, yeye na mkewe. Angalau ndivyo walivyoamini.

Nyumba hiyo ilikula kwa wimbo mmoja. Bendi zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa na vyombo vipya na wacheza shoo wasio na mifupa. Lakini ni bendi ya Chiriku tu iliyokuwa na wimbo wa majina. Katikati ya sherehe ngoma zilipungua, Chiriku akashuka hatua mbili kutoka jukwaani, akaanza kuwaita wenye shughuli yao, kila mmoja kwa jina lake, cheo chake na kibwagizo chake, na kila aliyeitwa alisimama akacheza mpaka aitwe mwingine. Watu wazima wenye vitambi walitokwa na machozi ya furaha. Na hakushika karatasi hata siku moja. "Yote kichwani!" watu walisema, wakimwona mtu wa ajabu. Naam, yote kichwani. Kwani yangekaa wapi tena?

Kuyaingiza kichwani ilikuwa kazi ya mkewe. Watu walimwita Mama Ratiba, na mumewe pia alimwita hivyo. Ndiye aliyekwenda kwa wenye sherehe na daftari lake la jalada jeusi, akapanga saa ya bendi kupanda na kushuka, wimbo wa kuingilia keki, na wimbo wa kuwatoa wageni waliogoma kuondoka. Kila mteja alimuuliza maswali mawili: nani atajwe, na nani asitajwe. Hilo la pili ndilo lililomjengea heshima, kwa sababu kila sherehe ina mtu wake wa kutotajwa: mke wa zamani, mbia aliyedhulumu, mjomba ambaye akitajwa tu anataka apewe kipaza sauti. Asubuhi ya sherehe alimsomea mumewe mara tatu. Mara ya kwanza Chiriku alifumba macho, mara ya pili akagongagonga vidole mezani, mara ya tatu akaimba, na hapo majina yalikuwa yameingia, hayatoki. Miaka kumi na miwili hawakuwahi kukosea.

Kilichowaponza ni mdomo wa mkurugenzi wa kampuni ya unga. Siku ya kutia sahihi mkataba alimtazama Mama Ratiba akipanga mambo, akawageukia wanamuziki, akasema, "Bendi ni mama huyu. Nyie wengine ni vyombo." Wanamuziki wakacheka. Chiriku naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Aliporudi nyumbani hakula.

Kesho yake kikao kikakaa sebuleni: Chiriku, mama yake mzazi aliyeishi nao, na mdogo wake, karani aliyepunguzwa kazini ambaye bado alivaa tai kila siku, hata siku ya kwenda kunyoa. Mama Ratiba aliitwa kikao kilipokwisha, kama mtu anayeitwa kuondoa vikombe.

"Mke wangu," Chiriku akasema, macho kwenye zulia, "umechoka. Tumeona upumzike. Mdogo wangu atashika umeneja."

"Nimechoka? Nani kakwambia?"

"Mke wa mtu kushinda mahotelini na wanaume wasiomhusu," mama mkwe akadakia, "mimi nilisema tangu mwanzo. Sasa mpaka watu wanasema bendi ni ya kwake! Mwanangu kawa pambo?"

"Ni utaratibu tu, shemeji," akasema mdogo mtu, akinyoosha tai. "Mambo ya kisasa haya. Nitahitaji daftari, simu ya kazi na mhuri."

Jamani! Mtu unapokonywa mkate mdomoni, halafu unapewa pole ya uchovu.

Mama Ratiba alileta vyote. Daftari, simu, mhuri, hata kalamu nyekundu ya kuwaandikia wasiotajwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Chiriku hofu, kwa maana kuna kitu kimoja ambacho hakikuweza kuwekwa juu ya meza ile, na wote wawili walikuwa wanakifikiria hichohicho.

Wiki iliyofuata ingekuwa kichekesho kama isingekuwa inauma. Meneja mpya alikuwa mtu wa maandishi. Jumatatu alimletea kaka yake orodha ya majina iliyopigwa chapa. Chiriku akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Macho yananisumbua siku hizi." Jumatano ikaja nyingine, herufi kubwa maradufu. "Bado," akasema Chiriku. Ijumaa ikaja kadi ngumu pana, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na juu yake miwani mipya ya kusomea ndani ya kifuko chake.

"Kaka, mimi ndugu yako siwezi kukuacha uhangaike," mdogo mtu akasema, na alikuwa anasema kweli.

Chiriku akaivaa. Akaitazama kadi muda mrefu. "Hapo sawa," akasema. "Hapo naona."

Mama Ratiba alikuwa anapita na ndoo ya nguo. Akapita.

Basi sasa Jumapili imefika, na kadi iko kando ya birika.

"Miwani iko wapi?" Mama Ratiba akauliza.

"Usinifanyie kejeli asubuhi hii."

"Kejeli ipi? Mie nauliza. Umenunuliwa miwani, umeandikiwa herufi za ukutani. Vaa, soma."

"Punguza sauti!"

"Kwani nani kalala?"

"Nisomee," Chiriku akasema, meno yamebana.

"Nenda kwanza kamwambie mdogo wako hivi: kaka yako hajui kusoma, na miaka yote hii macho yake yalikuwa ya huyu mwanamke mliyempumzisha. Ukirudi nakusomea hata mara kumi."

Chiriku akasogea mpaka akamfikia. Alikuwa mtu wa sauti nzuri hata akitishia. "Ukifungua mdomo wako ukamwambia mtu, yeyote yule, humu ndani hutalala tena. Naapa."

"Hata siku ya kazi unampigia kelele mwanangu?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, upindo wa nguo yake mkononi. Alimtazama mwanawe, akaitazama kadi, kisha akamtazama mkwe wake kwa macho makavu. "Mfanyie anachotaka aende kazini. Siku za kununa zipo nyingi."

Mama Ratiba angeweza kukataa. Angeweza pia kumsomea uongo, mkurugenzi akawa mfagizi na mfagizi akawa mkurugenzi; wazo hilo lilimpitia, na kwa dakika moja lilimpa raha. Lakini majina yale alikuwa ameyakusanya yeye mwenyewe, ofisi hadi ofisi, na hakuwa amefika mahali pa kuiharibu kazi ya mikono yake. Akafuta vidole, akachukua kadi, akasoma.

Akasoma mkurugenzi na mkewe, akasoma mwenyekiti wa bodi, akasoma mhasibu. Wa saba alikuwa Fundi Mkuu, mzee aliyefunga mashine ya kwanza ya kampuni. "Huyu ana haya," akakariri kutoka kwenye daftari ambalo halikuwa mikononi mwake tena. "Hasimami mara ya kwanza. Inabidi umwite mara mbili tatu, umwambie watu wamvute." Chiriku alifumba macho. Mara ya pili akagonga vidole. Mara ya tatu akaimba kwa sauti ya chini, na Mama Ratiba, pamoja na hasira zake zote, alihisi mwili ukimsisimka kama siku ya kwanza. Alijichukia kwa hilo.

Chiriku alipomaliza alichukua kadi yake, akatoka. Hakusema asante.

Saa saba na robo simu ya Mama Ratiba, ya kwake mwenyewe, si ile ya kazi, ikalia. Alikuwa katibu wa mkurugenzi, na kwa sauti yake alikuwa hajalala vizuri siku nyingi.

"Mama Ratiba, afadhali nimekupata. Fundi Mkuu wetu alifariki Jumapili iliyopita. Tumemzika Jumanne. Kwa pilikapilika za msiba nimesahau kabisa ile orodha, nimeikumbuka leo nikiwa naoga. Jina lake litoke kwenye wimbo. Mjane wake anakuja, atakaa meza ya mbele. Atajwe yeye tu, mwishoni, taratibu, bila ngoma."

"Poleni sana, mama. Lakini kazi hiyo sasa anayo shemeji yangu."

"Najua, nimeshampigia. Kasema ameandika. Ila moyo haukutulia mpaka nikuambie wewe."

Ameandika. Mama Ratiba akakaa kwenye kigoda, simu ingali mkononi. Kila Ijumaa kabla ya sherehe, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa anampigia mteja kuuliza kama kuna aliyeongezeka au aliyepungua. Ijumaa hii mwenye daftari alikuwa dukani ananunua miwani.

Akampigia shemeji yake.

"Shemeji, ile habari ya Fundi Mkuu..."

"Ninayo. Kadi nimeirekebisha. Nimekata kwa wino mwekundu, maelekezo nimeandika chini. Kaka kavaa miwani, kaipitia, kasema sawa."

"Umemwambia kwa mdomo?"

"Nimwambie nini na nimemwandikia? Watu wanafunga vyombo hapa, kelele tupu. Shemeji, hii ni kazi, si umbea."

"Nipe niongee naye."

"Kasema leo hataki simu yako." Akakohoa kidogo. "Samahani. Ni yeye kasema."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Teksi ilimla pesa ya sokoni ya siku tatu. Alifika ukumbini saa nane na nusu, na gauni la nyumbani na viatu vya kwendea dukani. Mlangoni alikuta mlinzi ameshika orodha ya wageni. Mama Ratiba aliitambua hata kabla hajaikaribia: safu mbili, wenye magari kushoto, wasio na magari kulia. Aliipanga yeye mwenyewe kabla hajapumzishwa.

"Jina?"

"Mimi ni Mama Ratiba, wa bendi."

"Wa bendi wameshaingia. Meneja wao kasema hakuna mwingine."

"Baba, mimi ndiye niliyeandika hiyo orodha uliyoishika."

Mlinzi akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, safu ya kwanza, safu ya pili. "Basi ulijisahau," akasema.

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kujiandika katika sherehe yoyote, maana siku zote alikuwa anasimama hapohapo mlangoni, akiwaonyesha walinzi nani ni nani. Wanawake wawili wenye viatu virefu walimpita, mmoja akamuuliza choo kiko wapi. Akawaonyesha. Alikijua.

Kutoka ndani ngoma zilianza kupungua. Alikufahamu kupungua kule; ndio mlango wa wimbo wa majina.

"Ndugu yangu, nakuomba. Dakika moja tu, niseme neno moja na mwimbaji."

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alimtazama alivyokuwa anatokwa na jasho, akaona huruma. "Kuingia huingii. Ila andika kikaratasi, mimi mwenyewe nitampa mwimbaji mkononi."

Mama Ratiba akacheka. Alicheka mpaka mlinzi akarudi nyuma hatua moja.

"Usimpe mwimbaji," akasema alipopata pumzi. "Mpe yule mwenye tai." Akaandika juu ya goti: *Shemeji, la Fundi Mkuu mwambie kaka yako kwa mdomo. Usimwachie karatasi.* Kalamu ikasimama. Yalibaki maneno manne, na maneno hayo yangemaliza kila kitu: kaka yako hajui kusoma. Aliiona nyumba yake, kitanda chake, uso wa Chiriku alipoapa. Alijiambia kwamba siri ya mume si ya kuanikwa kwenye karatasi mkononi mwa mlinzi. Lakini tusidanganyane: palikuwa na kipande kidogo cha moyo wake kilichosema liwalo na liwe, waliniambia nipumzike. Akakunja karatasi jinsi ilivyokuwa.

Mlinzi aliingia, akatoka. "Kasoma," akasema. "Kaitia mfukoni."

Ndani Chiriku alikuwa ameshaanza. Mkurugenzi, vigelegele. Mama Mkurugenzi, vigelegele. Mwenyekiti wa bodi. Mhasibu, na kicheko, kwa sababu kibwagizo chake kilikuwa cha kalamu isiyoisha wino. Mama Ratiba alihesabu kwa vidole, amebana mgongo ukutani. Wa tano. Wa sita.

"Fundi Mkuuu!" sauti ya dhahabu ikapaa. "Fundi Mkuu inuka, mashine imewaka! Fundi Mkuu usijifiche, leo hulali, leo hulali!"

Vigelegele havikuja. Mama Ratiba akafumba macho. Nyamaza, akasema moyoni. Mume wangu, nyamaza, sikia watu walivyonyamaza.

Lakini Chiriku alikuwa ameambiwa kwamba mzee huyu ana haya.

"Anajificha!" akaimba kwa furaha. "Jamani anajificha! Fundi Mkuu usijifiche, leo hulali! Mvuteni! Mvuteni jamani, mvuteni acheze!"

Ngoma zikakatika moja moja, mpaka ikabaki sauti ya Chiriku peke yake ikimwita marehemu mara ya tatu. Kisha sauti ya mwanamke, si kilio, neno moja tu: "Mungu wangu." Kisha viti.

Mlinzi alikuwa amevua kofia. "Huyu mwimbaji," akasema, "kalewa, au hana utu?"

Mama Ratiba akageuka, akashika njia ya nyumbani.

Walirudi nyumbani jua lilipokuwa bado linapiga sebuleni. Wanamuziki walishukia njiani bila kuaga. Chiriku alikaa kwenye kiti chake na suti ya jukwaani, miwani ingali usoni, kwa sababu hakuna aliyemkumbusha kuivua. Mdogo wake alisimama na kadi kwapani. Mkurugenzi alikuwa ameingia chumba cha nyuma mwenyewe kuwaambia wafungashe, na kwamba kila anayemjua atasimuliwa. Mjane alitolewa ameshikwa mikono miwili.

"Kaka, mimi sielewi," mdogo mtu alikuwa anasema. "Nimekata kwa wino mwekundu. Nimeandika MAREHEMU, ASITAJWE. Umeitazama, ukasema sawa. Nimekukosea nini mpaka unitie aibu hivi siku ya kwanza ya kazi?"

Chiriku akatazama zulia.

Mama mkwe ndiye aliyelipuka, na alimlipukia aliyezoea kumlipukia. "Mwulize huyu!" akapiga kelele, kidole kwa Mama Ratiba. "Huyu nyoka! Amemsomea vibaya makusudi! Asubuhi nimewaona kwa macho yangu jikoni. Kamsomea jina la maiti ili amkomeshe mwanangu!"



"Kumsomea?" akauliza mdogo mtu. "Kumsomea kwa nini?"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa upindo wa nguo. Alikuwa amechelewa.

"Mama," Chiriku akasema taratibu. "Ulikuwa unajua?"

"Nisijue mimi, nani ajue?" Bibi kizee akakaa chini sakafuni. "Si mimi niliyekutoa shule? Ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Wewe ulikuwa na sauti, nikasema huyu hata asiposoma atakula. Nikakutoa wewe, akaingia mdogo wako."

Mdogo mtu akalegeza tai. Akaivuta tena, akailegeza. Akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa, akakisoma upya, midomo ikichezacheza. "Nilidhani unamtukana," akamwambia shemeji yake. "Nikasema huyu mwanamke ana wivu hata leo. Kumbe..." Akaiweka kadi mezani kifudifudi, na kando yake akaliweka daftari jeusi, na simu, na mhuri.

Mficha uchi hazai, wanasema, na nyumba hii ilikuwa imeficha kwa zamu: mama akamficha mwana, mwana akajificha kwa ndugu, mke akamficha mume. Mama Ratiba hakufurahi. Siku tisa alikuwa ameingoja saa hii, saa ambayo wote watajua, na sasa imefika akawa anamwona tu yule mama wa meza ya mbele, ambaye hajawahi hata kumjua sura.

"Ningeandika maneno manne tu," akasema. "Sikuyaandika. Hilo ni langu, nitalibeba. Kesho saa nne asubuhi tunakwenda kwa mjane. Katibu atatupa njia."

"Atatufukuza," akasema Chiriku.

"Na atufukuze. Utamwomba radhi kwa mdomo wako. Hilo halihitaji kusoma."

Chiriku akaivua miwani, akaiweka juu ya kadi. Macho yake bila miwani yalikuwa mazima kabisa, kama yalivyokuwa siku zote. "Niseme nini?" akauliza. Aliuliza mbele ya mama yake na mdogo wake, bila kupunguza sauti.

Mama Ratiba akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Mama, mimi ndiye niliyemwita marehemu mumeo kama mtu wa mchezo. Sikujua, na kutojua kwangu ni kosa langu. Naomba unisamehe."

Chiriku akafumba macho.

Akamwambia mara ya pili, na vidole vikagongagonga kwenye mkono wa kiti. Mara ya tatu Chiriku akasema mwenyewe, neno kwa neno, na alipofika "naomba unisamehe" sauti ikamkatika, na mdogo wake akageukia ukutani. Hakukosea hata silabi moja. Maneno ya kumwambia mjane asiyemjua yalikuwa yameingia, hayatoki.

Mama Ratiba akangoja. Alingoja kidogo tu, muda wa mtu kuvuta pumzi na kusema neno jingine kama analo. Kisha akasimama, akakusanya daftari, simu na mhuri, akavikumbatia kifuani.

"Mama Ratiba," Chiriku akaita alipomwona anafika mlangoni. "Na wewe? Wewe nikuambie nini?"

Mkewe akageuka. Alimtazama mwimbaji wake, suti inang'aa, mdomo wazi, akisubiri asomewe.

"Hiyo ya kwangu sikusomei," akasema. "Itunge mwenyewe."

Akaingia chumbani na daftari lake, akafunga mlango kwa ufunguo.